Springi Inakaa Wapi? Jinsi ya Kutofautisha Bunduki za Pistoni

Habari za muda huu, karibuni tena. Leo mezani sina bunduki, na hatutagusa bunduki. Nina michoro ya bunduki zilizopasuliwa ubavu, kalamu ya kubofya, pampu ya baiskeli na chupa ya maji iliyokwisha kunywewa. Vinatosha. Tukimaliza, ukionyeshwa mchoro wa bunduki ya pistoni utaweza kusema teke lake, yaani ule msukumo wa nyuma begani, linatoka wapi, na kwa nini kitako chake kinakunjika au hakikunjiki.

Hatua ya kwanza, tafuta pistoni. Anzia kwenye mtutu, usianzie kwenye kitako. Fuata kidole changu: hapa juu ya mtutu pana tundu dogo. Risasi ikishalipita, sehemu ya gesi ya baruti inapanda kwenye tundu hilo na kuingia kwenye silinda, na humo ndimo pistoni ilimo. Ni pampu ya baiskeli iliyogeuzwa kazi: badala ya mkono kusukuma hewa, hewa inausukuma mkono.

Sasa tazama pistoni imeshikana na nini. Huu mchoro wa kwanza ni AK, iliyopokelewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949, kazi ya Mikhail Kalashnikov. Pistoni na kibeba bolti, kile chuma kinachobeba bolti, yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu, ni kipande kimoja, vinakwenda pamoja mpaka mwisho. Mchoro wa pili ni FAL ya Ubelgiji, iliyobuniwa na Dieudonné Saive. Pistoni yake imejitenga, inakipiga kibeba bolti pigo moja fupi na kurudi mahali pake. Umeshawahi kusukuma gari lililozima? Kuna anayesukuma mpaka mwisho wa mtaa, na kuna anayetoa msukumo mmoja wa nguvu halafu anabaki amesimama akipangusa mikono. AK ni yule wa kwanza, ndiyo wanayoiita pistoni ndefu; FAL ni huyu wa pili, pistoni fupi.

Wengi wanaishia hapo, wanaanza kubishana pistoni ndefu au fupi ipi ina teke kali. Mimi naona swali hilo halina faida kubwa. Swali lenye majibu ni la hatua ya pili: springi inakaa wapi?

Chukua kalamu. Bofya, achia. Kuna kitu kimerudi nyuma, springi imekirudisha. Kibeba bolti nacho kikisharudi nyuma na kutoa ganda, lazima kirudishwe mbele kubeba risasi nyingine. Springi inayofanya kazi hiyo inahitaji nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua umbo zima la bunduki.

Kwenye AK springi imejipanga nyuma ya kibeba bolti, ndani ya mwili wa bunduki, imevishwa kwenye kifimbo. Kitako hakina kazi yoyote humo. Ndiyo maana kuna AK za kitako cha mbao na za kitako cha chuma kinachokunjwa, na zote zinafanya kazi vilevile. Ila utagundua hakuna bafa, ile shokamzoba ya bunduki. Kibeba bolti kikifika mwisho kinagonga chuma kwa chuma.

Rudi kwenye FAL. Huu mkia mrefu mwembamba nyuma ya kibeba bolti, kama mkia wa panya, unaingia kwenye kitako na kuisukuma springi iliyo humo. Ukikunja kitako cha namna hiyo, umekunja na injini. Walipotaka FAL ya askari wa miavuli yenye kitako cha kukunja, ilibidi waihamishe springi na kuiweka juu, chini ya kifuniko cha mwili.

ArmaLite ya Marekani iliwapa watu njia nyingine kwa AR-18, miaka ya 1960: pistoni fupi, na springi mbili sambamba zinazokaa ndani ya mwili. Mpango huo ndio waliourithi wenye L85 ya Uingereza na G36 ya Ujerumani, kila mmoja kwa mabadiliko yake.

Mchoro wa nne ndio unaowachanganya watu, HK416 ya Ujerumani. Kwa nje utasema ni M16, ile bunduki ya jeshi la Marekani, na kweli imezaliwa humo. M16 yenyewe haina fimbo ya pistoni juu ya mtutu: gesi inapita kwenye bomba hadi ndani ya kibeba bolti na kukisukuma kwenye mstari uleule wa mtutu. Nyuma, ndani ya kitako, pana bomba lenye springi na bafa. HK416 imeweka pistoni fupi mbele, lakini bomba la nyuma imelibakiza. Hapo ndipo palipozuka kero. Pistoni inapiga kwa juu, siyo katikati, basi mkia wa kibeba bolti unataka kuinama unapoingia kwenye bomba. Ni kama kufungua droo ya kabati kwa kuvuta pembe moja: inakwenda upande na kukwaruza. Watengenezaji wa bunduki za aina hii walilazimika kuuchonga upya mkia huo ili uteleze.

Hatua ya tatu, hesabu mapigo. Teke moja la bunduki ni mapigo matatu yaliyofuatana upesi hata bega linahisi moja. La kwanza ni risasi na gesi kutoka. Risasi ya AK ina gramu 7.9 na inatoka kwa mita 715 kwa sekunde. Geuza gramu ziwe kilo, zidisha kwa kasi hiyo, unapata msukumo wa kama 5.6. Risasi ya gramu 4 ya HK416 ikitoka kwa mita 900 hivi inakupa 3.6. Tofauti hiyo haijali pistoni wala springi. Springi haipunguzi deni, inalilipa kwa awamu.

La pili ni kibeba bolti kugonga nyuma. La tatu ni kurudi mbele na kugonga, na hapo mdomo wa mtutu unainama kidogo. Haya mawili ndiyo bafa inayashughulikia, na hapa ndipo chupa inapoingia.

Weka mchanga nusu chupa, ufunge, uiangushe wima sakafuni kutoka urefu wa goti. Umeona? Imetua puu, haikudunda. Angusha mpira, utadunda. Chupa ilipofika chini ikataka kurudi juu, mchanga wa ndani ulikuwa bado unashuka, ukaukata mdundo. Bafa ya M16 fupi inafanya vivyo hivyo: ndani yake mna vipande vitatu vizito vinavyoteleza kidogo. Kibeba bolti kikigonga mbele na kutaka kuruka nyuma, vipande vinafika kwa kuchelewa na kukikandamiza pale pale. Kwa hiyo bafa siyo mto wa bega tu, kama wengi wanavyodhani. Nusu ya kazi yake iko mbele.

Kuna waliotaka kulifuta kabisa pigo la pili. Ultimax 100 ya Singapore, bunduki ya rashasha yenye pistoni fupi, imekipa kibeba bolti njia ndefu mpaka springi inakisimamisha kabla hakijagonga ukuta wa nyuma. Warusi kwenye AEK-971 wakapita njia nyingine: kibeba bolti kikienda nyuma, uzito mwingine unakwenda mbele kwa gurudumu la meno, vinapishana kama ndoo mbili za kisima kimoja. Inapendeza kuitazama, ila vipande vya kusafisha vinaongezeka.

Huu mchoro wa mwisho nawaachia wenyewe. Ni SG 550 ya Uswisi. Pistoni iko juu, inakwenda pamoja na kibeba bolti. Kitako kinakunjwa, nyuma ya kibeba bolti hakuna springi, na ndani ya kitako hakuna kitu. Simamisha video uitafute kabla sijasogeza kidole.

Haya. Ipo hapa mbele, juu ya mtutu, imeizunguka fimbo ya pistoni yenyewe.