Gari la nyuma yako ni lako: mhadhara kwa madereva wa msafara wa jangwani

Asanteni, kaeni. Naona wengine hapa wameshanisikia nikilisema hili mara nyingi, na yule pale nyuma ameanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nitalisema tena. Juzi nimesimama juu ya kilima nikatazama msafara wa magari matano ukiingia mchangani, na ndani ya robo saa dereva wa kwanza hamwoni wa tatu, wala hana habari naye.

Sitawaeleza gia ya chini inawekwaje, wala gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne lina faida gani. Hayo mnayajua, na asiyejua atakaa na mwenzake leo jioni. Nimekuja kwa jambo moja. Gari lililo nyuma yako ni lako. Si la kiongozi wa msafara, si la fundi, si la mwenye ramani. Ni lako wewe unayelitangulia, tangu mnapowasha injini asubuhi mpaka mnapozizima.

Safari moja ya miaka ya nyuma tulikuwa pikapu saba, watu kumi na sita. Eneo lenyewe ni tambarare ya mawe iliyokatwakatwa na makorongo makavu, vilima vya mwamba huku na huku. Upepo ulikuwa unatupiga mgongoni, na aliyewahi kuendesha jangwani anajua maana yake: vumbi lako hulitupi nyuma, unakwenda nalo. Basi kila mmoja akajivuta nyuma kidogo ili aione njia. Mita mia, mita mia tatu, mwisho kilomita nzima. Hapo hakuna aliyekosea. Ukijibana kwenye vumbi la mwenzako jiwe utaliona likiwa limeshafika chini ya difu.

Tukafika mahali korongo linapogawanyika. Kushoto mchanga laini, mpana, unateremka. Kulia mwamba, unapanda, na huko ndiko kwetu. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nikakata kulia. Wa pili alikuwa ananiona, wa tatu akamwona wa pili, hivyo hivyo mpaka wa sita. Wa sita akatazama kioo cha pembeni, akaona vumbi limetanda nyuma yake, akajua wa saba yumo humo anakuja. Lilikuwa vumbi lake mwenyewe.

Wa saba alikuwa kilomita mbili nyuma. Jiwe lilikuwa limemchana tairi la nyuma ubavuni, na tairi likichanika ubavuni hakuna kiraka, ni kubadilisha tu. Jeki inazama. Anatoa, anaweka ubao, anapandisha, inalala upande. Dakika arobaini. Alipofika kwenye ule mgawanyiko sisi tulishapotea machoni, vumbi limeshatua. Sasa fikirini: juu ya mwamba tairi haliachi alama. Kwenye mchanga wa kushoto kulikuwa na alama za matairi za watu wengine kabisa, za siku nyingi zilizopita, zimehifadhiwa vizuri na kivuli cha ukuta wa korongo. Akafuata alama. Ningekuwa mimi, ningezifuata zile zile.

Tuligundua tuliposimama kula, kilomita 41 baada ya pale. Nikahesabu magari, sita. Nikahesabu tena kana kwamba la saba litatokea nikirudia. Nikauliza nani amemwona mara ya mwisho. Wa sita akasema, si muda mrefu. Wa tano akasema alidhani wa sita anamwona. Wa nne alisikia redio koli ikikoroma asubuhi, akaona ni kelele tu, akapunguza sauti. Alikuwa ndiye, anatuita.

Tuliachana nao saa nne na nusu asubuhi. Tuliwapata saa kumi na nusu, kilomita tisa ndani ya lile korongo la kushoto, gari limezama mpaka ekseli. Saa sita za jua la jangwani. Na niwaambie walichofanya vizuri, kwa sababu walifanya vizuri sana: hawakuliacha gari. Mtu mmoja anayetembea jangwani haonekani hata ukipita karibu naye. Gari linaonekana kwa mbali, lina kivuli, lina kioo cha kumulikia. Walifungua boneti ikasimama wima, wakatandika turubai ubavuni, wakachimba kwa zamu na kupumzika kwa zamu. Ndani walikuwa dereva na dada yake. Beleshi lao lilikuwa la chuma mpaka mpini, haligusiki kwa jua lile, na yule dada alikuwa ameuzungushia mpini mtandio wake mara tatu akakaza fundo. Nilipolipokea beleshi mkononi mwake ule mtandio ulikuwa umeshakauka kwa jasho na vumbi, mgumu kama gome.

Hakulia, hakugomba. Aliniuliza hivi: "Kaka, mlituhesabu saa ngapi?"

Ndilo swali lililonileta hapa leo, na kila mahali ninapoalikwa. Sisi watu kumi na wanne, magari sita, mafuta tele, ramani mbili, hatukuwa na jibu.

Sasa kanuni yenyewe. Unaendesha, na kioo chako kina kazi sawa na usukani. Unatafuta taa za mwenzako, hutafuti vumbi. Ndiyo maana taa zinawashwa mchana kutwa. Usipoziona, unapunguza mwendo. Bado huzioni, unasimama. Na kila njia panda, kila mahali mnapobadilisha uelekeo, unasimama pale pale kwenye kona, hata kama unajua wa nyuma anaijua njia, mpaka umwone anakata kona na amekuwashia taa. Ndipo unaondoka, naye anabaki akimngoja wa kwake.

Tazameni jinsi inavyofanya kazi. Wa saba akipasukiwa na tairi, wa sita anasimama kwa kuwa haoni taa. Wa tano haoni taa za wa sita, anasimama. Habari inatembea yenyewe kutoka mkiani mpaka kichwani, bila redio, bila simu, bila mtu kupiga kelele. Tuseme kila dereva anachukua dakika mbili kutambua kwamba nyuma hakuna taa. Magari saba yana nafasi sita kati yake, kwa hiyo dakika kumi na mbili. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kiongozi atakuwa amesogea kilomita nne. Nne! Sisi tulikwenda arobaini na moja.

Na ukishasimama ukangoja na bado hakuna taa, unageuza unarudi. Huendi mbele kumuuliza kiongozi. Kiongozi atakufuata, kwa sababu naye haoni taa.

Najua mnachotaka kusema. Redio zipo. Ndugu zangu, redio tulikuwa nazo saba! Redio ndogo ya mkononi ya wati 5 kwenye tambarare itakupa kilomita kadhaa. Ingia kwenye korongo, weka kilima kimoja cha mwamba kati yako na mwenzako, na mawimbi yake hayapindi kukuzungukia kilima. Makorongo ndiyo yanayopoteza watu, na humo humo redio inanyamaza. Redio chukueni, zitumieni, lakini ukimya wa redio usiuhesabu kuwa habari njema.

Mwingine ana kifaa cha setilaiti cha kuonyesha mahali alipo. Vizuri sana. Kinakuambia wewe uko wapi. Je, kinakuambia yule wa nyuma yuko wapi? Kifaa chake kinajua alipo, chako kinajua ulipo, na kati yenu nani anajua kwamba mmepotezana? Kile cha kutuma ujumbe wa dharura nakipenda, kila msafara uwe nacho, na siku ile kingetuokolea saa nyingi. Kiwe kwenye gari la mwisho, si la kwanza.

Mwingine tena atasema tutachelewa. Hili linanikera, siwafichi. Kusimama dakika tatu kwenye kona kumi ni nusu saa. Nusu saa kwa siku nzima! Na msiniambie haraka haraka haina baraka halafu muondoke mbio. Methali kila mtu anaijua na kila mtu anaipita kwa kasi. Mimi nataka breki.

Halafu kuna wanaosema, sisi tukimpita mwenzetu ameharibikiwa tunaandika mahali alipo, tunakwenda kuleta msaada. Januari 1982, katika mbio za magari za Paris–Dakar, Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, aliharibikiwa na gari katika Sahara pamoja na mwenzake wa kupokezana usukani na fundi wao. Kwa maelezo yake mwenyewe, wengine walisimama, wakaandika mahali alipo, wakaendelea. Walipofika wakasema yuko upande wa magharibi. Alikuwa mashariki. Watu watatu walikaa siku sita, mpaka ndege ya Algeria ilipowaona. Neno moja limegeuzwa. Mtasema yale ni mashindano, mashindanoni hakuna wa kumngoja mwingine. Haya, sisi hatushindani na mtu, basi tuna kisingizio gani?

Kwa nini tunakwenda kwa kundi? Kwa sababu gari moja jangwani likikwama, kosa dogo linageuka kuwa kaburi. Julai 1996 familia ya watu wanne kutoka Ujerumani iliingia Death Valley, kule California, kwa gari moja la kawaida la kukodi. Gari lilionekana Oktoba ndani ya korongo, matairi matatu hayana upepo. Mabaki ya watu yalianza kupatikana Novemba 2009, miaka kumi na tatu baadaye. Siwalaumu, walikuwa wageni mapumzikoni, hawakuwa na mtu mbele wala nyuma. Ninyi mtakuwa na mtu nyuma. Mkiacha kumtazama, mtakuwa magari saba yaliyoingia jangwani kila moja peke yake.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa nimepanga kusema mengi juu ya upepo wa matairi, nitasema machache. Kama lami unakwenda na pauni 35, mchangani teremsha mpaka 18 au hapo karibu, na ukikwama kabisa teremsha tena kidogo kabla hujashika beleshi. Tairi likipungua upepo linalala kwa urefu, linashika eneo kubwa, gari halizami. Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyezunguka Jangwa la Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, alifanya hivyo hivyo, na vibao vya chuma vya kukanyagia chini ya magurudumu alivitumia tangu siku hizo. Karibu miaka mia, na bado namwona mtu anakandamiza mafuta na matairi yamejaa, anachimba shimo kwa magurudumu yake mwenyewe. Shusheni upepo wote pamoja, mahali pamoja, mwendo nao ushuke, kwa sababu tairi legevu likikimbizwa linachemka na kuchanika. Na mkirudi kwenye njia ngumu mjaze. Juu ya mawe yenye ncha msishushe sana kama mchangani, ubavu unafura nje na mawe yanaukuta.

Kuvutana. Hili nalifupisha lakini lisikieni kwa masikio mawili. Kamba ya kuvutia haifungwi kwenye kile kichwa cha mviringo cha kukokotea trela. Haifungwi! Hakikutengenezwa kwa mshtuko. Kikikatika kinaruka na kamba kama risasi, kinapita kioo, na watu wamekufa hivyo. Fungeni kwenye ndoano au pete iliyoshikamana na fremu. Watu wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na pembeni, si kwenye mstari wake. Anayepiga picha naye akae mbali.

Kwenye tuta kali la mchanga au mteremko wa mwamba, gari moja moja. Wa pili haanzi mpaka wa kwanza ametoka na ameonekana. Maji sina nafasi nayo. Lita nne kwa mtu kwa siku ni za chini kabisa, na kila gari libebe yake, yasiwekwe yote kwenye lori moja la mizigo, maana ndilo litakalopotea. Mafuriko ya makorongo nimeyaacha pia. Msilale ndani ya korongo hata mbingu ikiwa nyeupe, mvua hunyesha mbali na maji yakaja usiku. Mengine mtaniuliza nje.

Sasa mpangilio wa msafara wetu wa Jumamosi, magari saba. Gari zito na dereva mgeni wanakaa wa pili, nyuma tu ya kiongozi, ili mwendo wa msafara uwe mwendo wao. Mkiani panakaa dereva mzoefu, mwenye kompresa, jeki kubwa, ubao wa kuwekea jeki, kamba, beleshi mbili zenye mipini ya mbao na kile kifaa cha setilaiti. Nimeona kwenye karatasi mmeniandika gari la kwanza. Nifuteni hapo. Kuongoza ataongoza kijana aliyechora njia, anaijua kuliko mimi. Mimi nitakaa wa saba, na wa sita naomba awe yule aliyekuwa wa sita siku ile. Yumo humu ndani, na kioo chake cha pembeni sasa amekibadilisha, ameweka kikubwa.