Manowari ya Bomba Tatu: Königsberg na njaa ya makaa

Ndugu zangu, karibuni. Meli tunayoizungumzia leo ni SMS Königsberg ya Wajerumani, iliyoingia Dar es Salaam Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Wenyeji hawakuhangaika na jina lile gumu. Waliiita manowari ya bomba tatu, kwa dohani zake. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105 na mabaharia zaidi ya 300. Wengi huisimulia kama habari ya mizinga. Mimi naiona ni habari ya makaa ya mawe, na ya wapagazi.

Julai 31, vita ikinukia, Looff akang'oa nanga. Manowari tatu za Waingereza zilikuwa zikimvizia nje. Mvua ikashuka, akazitoroka. Lakini meli ile ilikula makaa usiku na mchana, ipigane isipigane, na Waingereza walishayawahi kuyanunua makaa ya bandari za Wareno. Agosti 6, upande wa Oman, akaikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester. Kumbe imesheheni chai ya Ceylon! Makaa yake nayo yalikuwa duni. Kurudi Dar es Salaam hakukuwezekana tena, maana Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha chelezo chao kinachoelea mlangoni mwa bandari ili adui asiingie. Ndipo, mapema Septemba, akajichimbia kwenye delta ya Rufiji, Salale.

Akatoka mara moja tu. Alfajiri ya Septemba 20 alifika Unguja, akaikuta manowari ya Waingereza, HMS Pegasus, imetia nanga mbele ya mji, boila zake zikitengenezwa, haiwezi kwenda popote. Mizinga ya Pegasus ilijibu, lakini risasi zake ziliangukia majini kabla ya kumfikia. Wakafa mabaharia wake 38. Baadhi yao wamezikwa Chapwani, ng'ambo tu ya Mji Mkongwe. Anayekwenda kuogelea kule akaone makaburi. Wakati wa kuondoka, Wajerumani walitupa mapipa baharini, Waingereza wadhani ni mabomu. Ujanja wa kitoto, ila nauvulia kofia.

Kisha injini ya Königsberg ikaharibika. Meli ikarudi kwenye mikoko, vipuri vikafunguliwa, vikaburutwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena hadi Rufiji. Waliovuta kamba ni Waafrika, kwa mamia, kwenye matope na mbu. Jina la Looff limo katika kila kitabu. Ya wale sijayaona.

Oktoba 30 HMS Chatham ikaigundua. Waingereza hawakuweza kuingia, kina kilikuwa kidogo kwa meli zao kubwa, basi wakafunga midomo ya mto na kungoja. Ndege walizoleta ziliteswa na joto na unyevu. Mwishowe wakavuta kutoka Malta manowari mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, zisizohitaji hata mita mbili za maji.

Julai 6, 1915 zikaingia, zikashindwa, Mersey ikapigwa vibaya. Julai 11 zikarudi. Hapa wapigaji hawakuonana, mikoko ilikuwa kati yao. Macho yao yalikuwa ndege. Rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu, Arnold akituma kwa redio kila risasi ilikoangukia. Ndege ikapigwa, injini ikafa, nao wanashuka. Arnold bado anatuma masahihisho! Ikaangukia mtoni karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa. Königsberg ikawaka moto. Looff, amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe kwa kichwa cha topido.

Ikakaa kwenye tope, haikuzama yote. Kwa hiyo mizinga 10 yote ikaopolewa, ikaenda Dar es Salaam kutiwa magurudumu, na kazi ya kuburuta ikawarudia wapagazi wale wale, safari hii wakimfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, porini. Mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo ndiyo MV Liemba. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria.

Nimeulizwa kabla hatujaanza kama mabaki yanaonekana bado. Miaka ya 1960 yalikatwakatwa yakauzwa kama chuma chakavu, na yaliyosalia yakadidimia kwenye tope la Rufiji. Haya, maswali mengine.