Ule Unga Mweupe Kwenye Muwa

HAMISI: Karibuni tena. Dada Neema, mbona leo umeingia studio na muwa mkononi?

NEEMA: Huu si wa kula, kaka. Bandua hilo jani kavu lililoukumbatia, utaona.

HAMISI: Haya... mmh, kuna unga mweupe. Si ile nta ya kawaida ya muwa?

NEEMA: Hapohapo ndipo mjomba wangu wa Ruhembe alipopotea, miezi mitatu nzima. Nta ipo kweli, mara nyingi kama pete chini ya fundo. Ikwangue kwa ukucha, inapakaa tu kidoleni. Sasa kwangua huo.

HAMISI: Unabanduka vigambavigamba. Na chini yake kuna... ah! Kimajimaji cha manjano.

NEEMA: Huyo ndiye jike. Hawa ni vidugamba weupe, jina lao la kitaalamu Aulacaspis tegalensis. Jike mzima hana miguu wala mbawa. Amechomeka mdomo wake kwenye muwa, akajifunika gamba, na hapo ndipo anapokula, anapozaa na anapofia.

HAMISI: Na sisimizi je? Mimi shambani nikiona sisimizi wamejaa ndipo najua kuna wadudu.

NEEMA: Hiyo ni kwa vidukari, wanaotoa kile kinyesi kitamu. Vidugamba hawa hawakitoi, kwa hiyo hakuna sisimizi, hakuna masizi meusi kwenye majani. Hawana wa kuwachongea.

HAMISI: Lakini asiye na miguu anafikaje shamba la pili?

NEEMA: Watoto wao wanayo miguu, kwa muda mfupi tu. Wanatambaa, wengine wanapeperushwa na upepo, wakishachomeka ndiyo basi. Safari za mbali tunawasafirisha sisi wenyewe. Unanunua pingili za mbegu kwa mtu, unapakia kwenye trekta, unazika ardhini na wapangaji wake humohumo.

HAMISI: Mjomba alifanya hivyo?

NEEMA: Alifanya. Macho mengi ya pingili hayakuchipua, na yaliyochipua yakadumaa. Na unajua kiwandani malipo yanafuata utamu. Muwa ulionyonywa una utamu gani?

HAMISI: Basi apige dawa.

NEEMA: Ndilo kosa la pili! Wamejificha chini ya ala ya jani, ile sehemu inayoukumbatia muwa, tena chini ya gamba. Dawa inateleza juu, inakwenda kuua mbawakawa anayewala.

HAMISI: Yupo anayewala?

NEEMA: Yupo, Rhyzobius lophanthae. Mdogo, hata milimita 3 hafiki, mgongo mweusi, kichwa chekundu-kahawia. Asili yake Australia. Sisi tulimpata kupitia Mauritius, maana kule miwa yao ilikuwa na tatizo hilohilo. Arusha Chini, kusini ya Moshi, vidugamba hawa wanajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Wageni ni kwa mjomba tu.

HAMISI: Kwa hiyo anayepanda mwezi ujao afanyeje?

NEEMA: Aende mwenyewe kwenye shamba la mbegu, abandue majani ya chini, akwangue. Akiona hivi, aiache hata kama ni ya shemeji yake. Mashamba makubwa huloweka pingili kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa mbili. Hufanya hivyo hasa kwa ajili ya ugonjwa wa kudumaa kwa ratuni, yaani miwa inayochipua tena kwenye visiki baada ya kuvuna, lakini joto hilo halimwachi hata kidugamba. Ila usijaribu kwa sufuria na kuni: joto likizidi kidogo umepika mbegu.

HAMISI: Na ratuni za mjomba?

NEEMA: Nimemwambia ang'oe. Bado anahesabu gharama, na simlaumu.

HAMISI: Sawa. Sasa huo muwa wako, tafadhali, utie kwenye mfuko na uufunge. Jioni napita kwa mama, ana mashina mawili nyuma ya bafu na anayapenda kuliko mimi.