Gramu 70, Gramu 30: Kura ya Bangi Ohio na Sisi Tusioulizwa

(Mhadhara kwa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Columbus, Ohio)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana, hamjambo? Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Tulipokuwa tunaandaa tangazo la mkutano huu, mama mmoja aliniomba niandike "mmea" badala ya "bangi". Nikamwambia, mama, tukiandika mmea watu watakuja na mbegu za mchicha. (Kicheko.) Lakini nilimwelewa. Kwetu neno hilo linakuja na picha yake: magunia yamepangwa mbele ya kituo cha polisi, kamanda ananyoosha kidole, vijana wameinamisha vichwa, na mwandishi anahesabu kete na misokoto. Hapa Columbus kitu kilekile kina duka, lina maegesho, na mlinzi anakuomba kitambulisho kwa adabu. Mtu anatoka na kamfuko ka karatasi utadhani ametoka famasi. Kati ya picha hizo mbili ipo karatasi ya kura, na hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Wakenya mliomo humu mnakumbuka uchaguzi wa 2022. Profesa Wajackoyah aligombea urais akisema bangi italimwa, itauzwa nje na kulipa madeni ya nchi. Watu walimshangilia barabarani, akapata kura 61,969, chini ya asilimia moja. Sasa angalieni tofauti. Kule bangi ilikuja imebebwa na mgombea, pamoja na ahadi zake nyingine za biashara ya nyoka na fisi. Ukimkataa mtu, bangi imekwenda naye. Hapa Ohio bangi ilikuja peke yake kama swali: ndiyo au hapana. Na swali, ndugu zangu, lina mwandishi.

Swali la kwanza lilikuja Novemba 2015. Liliitwa Hoja namba 3. Kundi la wawekezaji lilikusanya saini likitaka kuingiza bangi ndani ya Katiba ya jimbo. Si sheria ya kawaida, Katiba. Na humohumo wakaandika kwamba kilimo cha biashara kitafanyika kwenye viwanja kumi tu, vilivyotajwa mpaka mahali vilipo. Viwanja vya nani? Vya walewale waliogharamia kampeni. Walikuwemo watu wenye majina: mwimbaji Nick Lachey, na Oscar Robertson, gwiji wa mpira wa kikapu. Kampeni ikatumia zaidi ya dola milioni 20. Wakabuni na kikaragosi, Buddie, jibaba lenye misuli na joho la shujaa, kichwa chake ua la bangi, wakamzungusha vyuoni apige picha na wanafunzi. Mzazi aliyekuwa bado anajishauri, nadhani Buddie alimmalizia kazi.

Upande wa pili haukuhitaji kikaragosi. Ulihitaji neno moja tu. Kichwa cha swali kwenye karatasi ya kura huandikwa na maofisa wa jimbo, wala si waliokusanya saini. Kichwa kile kikafungua kwa kusema kwamba hoja hii inatoa ukiritimba wa kuzalisha na kuuza bangi. Ukiritimba! Waliokulia Tanzania enzi zile za foleni za sukari wanajua uzito wa neno hilo. Kampeni ikakimbilia Mahakama ya Juu ya Ohio. Mahakama ikasema kweli, baadhi ya maelezo yanapotosha, yaandikwe upya. Lakini neno ukiritimba likabaki palepale juu. Na Bunge la jimbo, kwa kuchelea, likaweka hoja yake pembeni, Hoja namba 2, ya kuzuia Katiba isitumiwe kuwagawia watu wachache biashara. Siku hiyohiyo, karatasi hiyohiyo. Hoja ya Bunge ikapita. Ya bangi ikaanguka vibaya, karibu asilimia 64 walisema hapana.

Mimi mwaka ule sikuwa na kura, nilikuwa na grini kadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Ila nilikuwa nafanya kazi na wazungu wa pale Linden, na mmoja wao, mvutaji asiyejificha, aliniambia amepiga hapana. Nikashangaa. Akasema: nimevuta miaka ishirini bila ruhusa yao, sasa niwape mashamba? Kwa hiyo mtu akikwambia mwaka 2015 watu wa Ohio waliikataa bangi, mwulize: waliikataa bangi, au waliwakataa wenye viwanja? Karatasi ya kura haina nafasi ya kuandika sababu.

Mwaka uliofuata Bunge likapitisha bangi ya matibabu. Hilo nalipita.

Swali la pili la bangi likaja 2023, na waliokuja nalo walikuwa wamesoma makosa ya wenzao. Hawakugusa Katiba. Walileta sheria ya kawaida, na jina la kampeni yenyewe lilitulizwa makusudi: kuidhibiti bangi kama pombe. Hakuna viwanja kumi, hakuna Buddie. Njia yao ilikuwa na hatua mbili: unakusanya saini, unalipatia Bunge miezi minne lifanye kitu, likinyamaza unakusanya saini tena. Katika duru hiyo ya pili zilitakiwa saini halali 124,046. Julai wakahesabiwa, wakakutwa wamepungukiwa na 679. Mia sita sabini na tisa! Hapa tukiita harusi moja ya Kikongo tunazipata kabla keki haijakatwa. (Kicheko.) Sheria inawapa siku kumi za kuziba pengo, wakaziba na kupitiliza.

Mjadala wa miezi ile mnaukumbuka, mabango yalijaa kwenye nyasi za watu. Gavana DeWine alipinga, hospitali za watoto zilipinga, hasa kwa ajili ya bangi iliyotiwa kwenye pipi na biskuti, ambayo mtoto wa miaka mitatu hawezi kuitofautisha na pipi nyingine. Hoja hiyo ni nzito, na mwenye wajukuu ndani ya nyumba asiichukulie mzaha. Waliounga mkono walitangaza kodi ya asilimia 10 na mgawanyo wake: asilimia 36 kwa usawa na ajira, 36 kwa miji yenye maduka, 25 kwa tiba na elimu ya uraibu, 3 kwa uendeshaji. Wakasema pia watu waache kukamatwa. Hapo walitia chumvi kidogo. Ohio tangu 1975 mtu akikutwa na chini ya gramu 100 alitozwa faini isiyozidi dola 150, hakupelekwa jela. Kwa mzaliwa wa hapa ilikuwa kama kulipia kosa la maegesho.

Kwa mgeni haikuwa hivyo, nitafika huko.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata uraia. Nilipiga ndiyo. Mke wangu, yule pale, alipiga hapana. Tulikwenda na gari moja, tukafutana, tukarudi tukala ugali. (Kicheko.) Siku ileile kulikuwa na swali la utoaji mimba, watu walijitokeza kwelikweli. Bangi ikapita kwa asilimia 57 hivi, Ohio ikawa jimbo la 24.

Hesabu zikaisha? Hazikuisha. Sheria ilikuwa ianze tarehe 7 Desemba. Tarehe 6 Seneti ya jimbo ikapitisha muswada wa kuibadilisha. Mkesha! Baraza la Wawakilishi la jimbo halikuufuata, ukakwama. Lakini mmeona gharama ya kuiacha Katiba: kilichoandikwa na wananchi kama sheria ya kawaida, wabunge wanaweza kukifumua kama sweta. Wale wa 2015 walikuwa walafi, ila jambo hilo walikuwa wamelijua.

Sasa nisogee karibu, maana wengi wenu hamkuja kusikia habari za Seneti.

Mimi ni mkalimani. Kuna dada mmoja, simtaji, wala si wa kanisa hili, acheni kugeuka. Alinipigia nimsaidie kujaza fomu ya uraia. Tukakaa jikoni kwake, watoto wanaangalia katuni, chai ya tangawizi mezani. Tukafika kwenye sehemu ya kazi za miaka mitano. Akanipa hati za mshahara, safi kabisa, kodi imekatwa, bima imekatwa. Nikasoma jina la mwajiri. Nikamwuliza, dada, hapa unafanya nini? Akasema anachambua maua na kuyapima kwenye vikopo, wanavaa glavu na kofia, kazi nzuri kuliko ghala, mgongo haumi. Maua gani? Akanitazama kama mtu asiyejua mji. Kampuni ina leseni ya jimbo, imetundikwa ukutani.

Kurasa mbili mbele, fomu inauliza kama umewahi kulima, kutengeneza, kusambaza au kuuza dawa zilizodhibitiwa. Kalamu yangu ikasimama.

Kwa serikali kuu ya Marekani, sheria ya 1970 iliiweka bangi kundi moja na heroini. Kura ya Ohio haikuigusa sheria hiyo na haina uwezo wa kuigusa. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ikatoa mwongozo wazi: mwombaji wa uraia anayejihusisha na bangi, hata kwa ajira, hata kwenye jimbo lililoruhusu, anaweza kuonekana hana tabia njema. Na si lazima uwe umehukumiwa mahakamani. Ukikiri kwa kinywa chako mbele ya ofisa inatosha. Msamaha uliopo ni mwembamba: tukio moja la kuwa nayo kwa matumizi yako, isiyozidi gramu 30. Sheria ya Ohio inakuruhusu kubeba wakia mbili na nusu. Zigeuzeni kwa gramu. Ni 70 na ushei. Ofisa wa duka atakuuzia kwa tabasamu, risiti utapewa, na umeshavuka mara mbili ya ule msamaha kabla hujafika kwenye gari.

Nilimwambia yule dada tusiitume fomu. Nikampa namba ya wakili wa uhamiaji. Wakili alimwambia kwanza atoke kwenye kazi ile, kisha wazungumze lini aombe. Amerudi ghala. Mgongo unauma. Hakuvuta hata siku moja maishani mwake, ananiambia harufu yenyewe inamtia kichefuchefu.

Madereva wa malori, nanyi mnisikilize, naona mko safu nzima. Vipimo vya leseni ya CDL, ile ya kuendesha malori makubwa, ni vya serikali kuu, na Wizara ya Uchukuzi ilisema tangu 2012 kwamba kura za majimbo hazibadilishi kitu. Ukipimwa ikaonekana, jina linaingia kwenye daftari la taifa, na kampuni yoyote utakayokwenda italiona. Wanaoomba nyumba za ruzuku ya serikali kuu ni hivyohivyo, mwombaji anayevuta anaweza kunyimwa.

Nimesoma matangazo mengi ya kampeni ya 2023, ya ndiyo na ya hapana. Walizungumzia watoto, kodi, polisi, ajali za barabarani. Sikuona hata moja lililomwambia mwenye grini kadi kwamba ndiyo ya jirani yake haimhusu. Nami niliyepiga ndiyo sikulifikiria mpaka siku ile jikoni.

Nimezidisha dakika kumi na mbili, mwenyekiti ananitazama. Tuingie kwenye maswali, tuanze na madereva, wana zamu ya usiku. Wa uraia nisubirini baadaye pale kwenye chai, msiulize habari zenu kwenye kipaza sauti.