Wapeleke Spea Kabla ya Pikipiki

Ndugu zangu, swali la jioni hii ni namna viwanda vya pikipiki vya China vitakavyopenya Marekani. Naomba tuanze na Wajapani, maana njia hiyo waliipita wao kwanza.

Honda walifungua duka Los Angeles mwaka 1959. Haukupita muda, pikipiki zao kubwa zikaanza kuvuja oili na klachi kuharibika, kwa kuwa Mmarekani alizikimbiza masafa marefu kuliko walivyozoea kwao. Honda hawakubishana na wateja. Pikipiki mbovu zilipakiwa kwenye ndege zikarudishwa Japani, wahandisi wakazifungua, wakaunda gasketi na klachi imara zaidi. Jina lao lilijengwa hapo. Hata mwaka 1983, Rais Reagan alipopandisha ushuru wa pikipiki zinazozidi cc 700 hadi asilimia 49.4 ili kuilinda Harley-Davidson, kampuni ya Marekani ya pikipiki kubwa, Wajapani walipunguza injini zikawa chini ya kiwango hicho, na wateja wakabaki nao.

Wachina wengi waliotangulia miaka ya 2000 walikwenda kinyume. Pikipiki ziliingia ndani ya makreti, zikauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari na mtandaoni, mnunuzi akafunga mwenyewe taa na usukani. Bei ilikuwa ndogo mno. Ikiharibika, spea hakuna, na gareji nyingi ziligoma kuigusa. Mwaka 2013, EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilifuta vyeti vilivyohusu vyombo zaidi ya 74,000 vilivyotoka China, kwa sababu taarifa za vipimo vya moshi hazikuaminika. Doa hilo liliwachafua hata waliokuwa wakifanya kazi yao kwa uaminifu.

Ndiyo maana naiheshimu CFMoto, kampuni ya China. Imeweka makao yake ya Marekani Plymouth, Minnesota, ikajenga mawakala kupitia magari yake madogo ya mashambani na porini, na baadaye ikarudi na pikipiki. Ikashirikiana na KTM, kiwanda cha pikipiki cha Austria, katika injini. Pikipiki yake ya Ibex 450 ilitangazwa kwa dola 6,499, bei anayoimudu kijana anayetaka kusafiri wikiendi. Kove, Wachina wengine, nao walipeleka pikipiki tatu kwenye mbio ndefu za jangwani za Dakar mwaka 2023, na zote tatu zikamaliza. Ushahidi wa namna hiyo Mmarekani anauelewa, kwani kwake pikipiki ni starehe zaidi kuliko kazi. Hataki imwache jangwani Nevada.

Sisi tunaoishi na bodaboda tunalijua hili vizuri: dereva hununua pikipiki ambayo spea zake zipo Kariakoo.

Kwa hiyo kiwanda cha Chongqing, China, kikiniuliza, nitakijibu hivi: iacheni Harley na wazee wake, shikeni cc 300 hadi 800. Kontena la kwanza lijazeni vishikio vya breki, indiketa, filta, klachi na plastiki za ubavuni, liwekwe kwenye ghala hukohuko Marekani. Wafundisheni mafundi wa mawakala, na waranti ilipwe bila kumzungusha mtu. Pikipiki zije kontena la pili.