Kubadilisha paipu ya turbo: tunatoa plastiki, tunaweka alumini

Karibu. Leo tunatoa paipu ya plastiki inayopeleka hewa ya turbo kwenye injini, tunaweka ya alumini. Gari hili lina injini ya BMW N55, silinda 6, turbo moja. Kama lako ni la aina nyingine, kazi ni hii hii. Klipu na bolti ndizo zitakazotofautiana.

Kabla hatujashika spana, nikwambie ukweli: paipu hii peke yake haikuongezei nguvu utakayoihisi. Kazi yake ni kushikilia. Chukua paipu yenye kipenyo cha milimita 63, ipe presha ya bar 1. Mdomo wake unasukumwa utoke kwa nguvu inayozidi kilo 30, kila unapokanyaga mafuta. Injini nayo inacheza kwenye mauntingi zake (mipira inayoishikilia), wakati intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, imefungwa kwenye bodi na haisogei. Plastiki iliyopikwa na joto miaka mingi inapindwa hapo katikati, mpaka siku moja shingo inakatika hapa, karibu na throto, yaani mlango wa hewa wa injini. Unasikia mlipuko wa hewa, gari linakosa nguvu ghafla, taa ya injini inawaka. Kwa hiyo ukiona mauntingi zimechoka, zibadilishe pia.

Tuanze. Injini iwe imepoa kabisa. Toa kava ya juu na mfereji wa hewa unaoingia kwenye boksi la filta. Pandisha gari, liweke juu ya stendi, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki tu. Fungua kava ya chini.

Chomoa soketi ya sensa ya presha. Bonyeza kufuli yake kwanza, kisha vuta soketi yenyewe, usivute nyaya.

Sasa klipu ya throto. Ni waya huu uliopinda. Ingiza bisibisi bapa, uvute taratibu mpaka ubofye. Paipu itakuwa imeganda, basi izungushe kushoto na kulia kidogo ndipo uivute. Ukiitikisa kwa nguvu itakatikia mkononi, na vipande vitaingia ndani. Fungua na upande wa intakula, itoe yote.

Hapo hapo ziba midomo yote miwili kwa kitambaa cha rangi kali. Mimi natumia chekundu, na ninahesabu: viwili vimeingia, viwili lazima vitoke.

Kama paipu yako ilishapasuka, simama hapa, usiharakishe. Weka vipande vyote mezani uviunganishe. Kikikosekana hata kimoja, kitafute ndani ya throto kwa tochi, na ndani ya intakula pia. Kipande kilichobaki kwenye njia hii kinavutwa moja kwa moja kuelekea kwenye valvu. Usiwashe gari kabla hujakipata.

Paipu mpya ioshe kwa maji na sabuni, ikauke vizuri. Hata iking'aa, ndani huwa na unga wa alumini uliobaki kiwandani. Hamisha sensa, weka oringi (mpira wa duara wa kuzuia hewa isivuje) mpya, paka grisi ya silikoni kidogo. Kama kuna tundu la ziada usilolitumia, hakikisha kizibo chake kimekazwa.

Toa vitambaa. Ingiza upande wa throto kwanza, sukuma mpaka klipu ilie "ka!". Usipousikia mlio huo, vuta paipu kwa mkono uone kama inatoka.

Upande wa chini kuna mpira wa silikoni. Alumini haipindi, hivyo mpira huu ndio unaobeba mchezo wa injini. Futa mafuta yote kwenye midomo, kwa sababu mafuta ndiyo yanayoufanya mpira uteleze na kuchomoka. Ukiwa mgumu kuingia, lowesha kwa maji ya sabuni. Angalia ukingo huu uliotuna kwenye mdomo wa paipu: klempu, yaani mkanda wa chuma unaobana mpira, inakaa nyuma yake, si juu yake. Panga kila kitu kikiwa kimelegea, hakikisha paipu haigusi feni wala mkanda wa injini, ndipo ukaze. Mpira ukianza kufinyika na kutokeza pembeni ya klempu, umezidisha.

Rudisha soketi ya sensa.

Sasa kupima. Wengi huwasha gari, wakapulizia maji ya sabuni, wasione povu, wakaridhika. Gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, turbo haijazi presha ndani ya paipu hii, kwa hiyo povu halitakwambia lolote. Injini ikiwa imezimwa, funga kizibo chenye valvu kama ya tairi kwenye mdomo wa kuingilia turbo, jaza hewa polepole hadi bar 0.7, usisimame mbele ya kizibo. Ndipo upulizie sabuni kwenye kila kiungo. Ukisikia mnong'ono mdogo ndani ya injini, hiyo ni hewa inayopita kwenye valvu. Povu kwenye kiungo ndilo la kurekebisha.

Rudisha kava, futa kodi (namba) za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, endesha taratibu kwanza. Halafu barabara ikiwa wazi, kanyaga kwa gia ya 3 huku msaidizi akisoma kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari: presha inayotakiwa na presha halisi zikaribiane.

Baada ya kilomita 100 hivi, injini ikiwa imepoa, rudi ukaze klempu tena. Silikoni ikipata joto hulala kidogo, na mara nyingi utapata robo mzunguko.