Nani Alibeba Sanduku la Jemadari?

Waheshimiwa, wazee wangu, walimu wenzangu na wanafunzi, nashukuru mmekuja na mvua hii.

Nianze na swali ninalojua linakuja: hapana, sijui kitabu hiki kinaweza kuuzwa bei gani, na hakiuzwi. Kila nikikiweka mezani, watu hukimbilia jalada. Wanapapasa ngozi, wanapiga picha zile herufi za dhahabu mgongoni, kisha wanarudi kukaa. Basi kisomeni! Ni Kijerumani, najua, lakini tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka uleule, 1920.

Ni kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, za Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Habari za Tanga, Novemba 1914, alipowashinda Waingereza, sizirudii. Hapa kila mtoto anazijua, na nyuki wake waliowauma askari vitani. Mimi mnanijua, wimbo wangu ni mmoja: sanduku la huyu jemadari nani alilibeba?

Simwiti mwongo. Mambo aliyaona kweli. Anajua gome la mkwinini kutoka Amani, kule Usambara, lilivyochemshwa likawa dawa chungu ya malaria ambayo Wajerumani wenzake waliipa jina lake yeye. Anajua kila kilima alichokishika na kila mto aliouvuka. Lakini tufuatane naye polepole, na mwenye kalamu aitoe. Mpagazi anabeba mzigo wa kilo 25 hivi. Posho yake ni unga, tuseme kilo moja kwa siku. Ghala liko nyuma, mwendo wa siku 10. Aende siku 10, arudi siku 10. Akila katika mzigo wake mwenyewe, kilo 20 zimekwenda tumboni mwake, jeshi limepata tano. Tano! Na mbele huko yuko askari anayetaka posho yake kila jioni, anataka na risasi, na ofisa anataka hema, kitanda na meza. Kwa hiyo nyuma ya kila mwenye bunduki panga foleni ya watu, na nyuma ya watu hao panga wengine wa kuwalisha. Punda na ng'ombe mbung'o amewamaliza. Malori yanazama matopeni masika yakianza. Kinachobaki ni kichwa na mabega ya mtu.

Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa watu wapatao milioni moja, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Makadirio ya wanahistoria yanapita 90,000 kwa waliokufa. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na kuharisha, nimonia, malaria, na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva kwa sababu muda wa kupika haukuwepo na sufuria hazikuwepo. Leo tunanunua nyanya Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi hao.

Najua pale nyuma kuna mtu ananong'ona, "Mwalimu, yule ni jemadari, si karani wa posho. Angeandika yote?" Vizuri. Lakini hakutembea peke yake. Daktari Ludwig Deppe alikuwa katika msafara uleule, na kitabu chake kilitoka 1919, mwaka mmoja kabla ya hiki. Daktari anasema waziwazi kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa iliyokuwa njiani kuja. Anailinganisha njia yao na ile ya majeshi ya Vita vya Miaka Thelathini huko kwao Ulaya. Anaandika hayo Mjerumani, mtu wa jeshi hilohilo, aliyekula chakula hichohicho kilichoporwa. Kwa hiyo mniwie radhi, hoja ya kwamba jemadari hakuweza kuona siipokei. Wagogo nao waliona: njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi yote mawili kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wao, waliiita Mtunya, na jina hilo halikutoka katika kitabu cha jemadari yeyote.

Halafu kuna wale wanaoniambia Waafrika hawakuandika. Hili linanikera hasa! Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mzima juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitwaa Mrima, pwani yetu hii, robo karne kabla ya vita hivi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa Maji Maji. Wanafunzi wangu wangapi wamezisoma tenzi hizo? Msinitazame hivyo, nyosheni mikono. Haya, shusheni, aibu yenu nimeiona.

Nilikusudia kusema juu ya sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya 1927, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi bila jina hata moja. Na ripoti ya 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyokiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, ndugu mwenyekiti. Habari ya 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wazee Waafrika wa jeshi la jemadari huyu mishahara yao ya zamani, inataka jioni yake. Mwenye haraka aniulize sasa hivi.